Mfuniko na Uso Unaocheka

Jumanne, 3 Machi 2015

Mkaguzi wa usafi amekuja mkahawani kwangu. Kijana mpole. Akapima friji, akatazama matambara, yote sawa. Halafu Maman Sidonie akaingia jikoni na koti lake, akafunua sufuria, akainama kunusa samaki! Wateja wangu wa mtaa huu wa Matonge ndivyo walivyo: hawali kabla ya kufunua. Mkaguzi akasema hapana, mteja haingii jikoni. Basi, sipati kile kibandiko cha usafi chenye uso unaocheka. Atarudi tena.

Nakitaka kile kibandiko! Wanawake wa ofisi moja kule Evere wanataka niwapikie kila Ijumaa, ila kwanza wakione mlangoni. Nimekasirika hadi nimeunguza vitunguu.

Jumatano, 4 Machi

Nimefunga mlango wa jikoni. Maman Sidonie akasimama mbele yake.

— Unaficha nini mule, Viviane?

Akaondoka bila kula. Wateja wawili wakamfuata. Sufuria imebaki karibu nzima. Nimelia kidogo, sikatai.

Jumamosi, 7 Machi

Kaka yangu Bertin kaja. Alikaa miaka Guangzhou, China, akinunua vitambaa. Nikamweleza. Akacheka, mshenzi huyu!

Anasema kule mikahawa hubandikwa uso mlangoni: wa kicheko kikubwa, wa tabasamu, au wenye mdomo ulionyooka. Nikauliza kama zinaaminika.

— Bon, ile sura ni ya siku moja. Inspecteur anaenda, torchon, tambara ile chafu, inarudia mahali yake.

Alikula penye kicheko kikubwa, tumbo likamkimbiza usiku kucha. Penye mdomo ulionyooka alikula miaka, salama. Dari tu ndiyo ilikuwa mbovu. Na mpishi alipika nyuma ya kioo, kila mtu anamwona.

Kwa hiyo zile nyuso ni uongo mtupu? Hapana, anasema. Yule mpishi alitengeneza dari, akapewa tabasamu.

— Alifurahi sawa mutoto! Ile sura iko muzuri, Viviane. Lakini haichunge sufuria.

Kioo! Tangu aondoke nafikiria kioo tu.

Alhamisi, 12 Machi

Bertin na fundi Kabeya wametoboa ukuta, wameweka kioo kati ya jiko na meza. Vumbi hadi kwenye meno.

Mwanga ulipoingia — aibu gani hii! Nyuma ya jiko pana mafuta ya zamani, meusi. Mkaguzi hakuyaona. Maman Sidonie na pua yake yote hakuyaona. Hata mimi. Nimesugua mpaka mikono ikawaka, na moyo umetulia.

Jumanne, 17 Machi

Maman Sidonie karudi! Hajasalimia. Paji la uso kwenye kioo.

— Funua!

Nikafunua.

— Geuza samaki ile ya chini, nione.

Nikageuza. Mkaguzi akatokea mlangoni, karatasi mkononi. Maman Sidonie akamshika mkono, akamvuta.

— Papa, sogea hapa, utaona muzuri. Ule samaki mukubwa ni wangu, hein!

Akacheka yule kijana. Kisha akaja jikoni, akapima friji, akachungulia nyuma ya jiko. Kibandiko bado sijui. Sasa ametoka, anaandika mezani. Naandika na mimi, huku jikoni.

Maman Sidonie amevua koti, hajawahi. Anawapigia simu wale wawili walioondoka naye, anawaambia waje.

Naacha hapa. Mkaguzi anagonga kioo, ananionyesha sufuria kwa kidole. Anataka nifunue —