Mzio wa Hind

Mtambile, 13 Julai 2025

Mwanangu Raniya,

Assalaam alaykum. Vyaje hali yako huko Dar, na hiyo maabara yako? Sie wazima, mie zaidi. Jana fahali wa Bwana Vuai kakata kamba, aliponiona usoni akarudi zizini mwenyewe. Muulize yeyote.

Ila mdogo wako Hind, binti yangu, kanitia tumbo joto. Kala pweza wa nazi, midomo ikavimba, mwili ukatoka vipele, kifua kikawa kinapiga mluzi. Kituo cha afya wakamdunga sindano, akatulia. Na mwezi uliopita alikula pweza asidhurike. Wewe uliyesomea mambo ya damu, nambie kuna nini.

Ami yako, Thuwein

Dar es Salaam, 15 Julai

Shikamoo ami,

Poleni sana. Mie sijambo. Hind ana mzio wa pweza. Seli zinazolinda mwili wake zilimdhania pweza adui tangu mara ya kwanza. Zikapelekeana habari, zikatengeneza kingamwili, nazo zikajishikiza kwenye seli nyingine za kooni na chini ya ngozi, zikingoja. Safari hii pweza alipogusa tu, seli zile zikamwaga kemikali zao: mishipa ikavuja maji, ngozi ikavimba, njia ya pumzi ikabana. Asile tena.

Mwanao, Raniya

Mtambile, 16 Julai

Raniya,

Marahaba. Natumai u mzima, sie hatujambo.

Sasa mbona hukusema mapema kama ni mzio? Mzio mie naujua wewe hujazaliwa. Bibi yangu alikatazwa papa na mzee wake wa kichwani, yule pepo wake, na siku mzio ulipoondolewa alikula papa mzima, akabakisha meno. Hao maseli wako ndio wale wale: wamekaa kooni, wanapelekeana habari, wanataka heshima yao. Ijumaa nampeleka Hind Msuka kwa Bi Hija, fundi wa kuondoa mizio. Anamwonjesha kidogo, anasoma dua, kwisha. Nikirudi nitakufundisha, ukawafundishe maprofesa wako.

Ami yako, Thuwein

Dar es Salaam, 17 Julai

Shikamoo ami,

Sijui mmeamkaje, tangu jana napiga simu haipatikani. Neno limetuponza. Sie maabara twasema mzio, lakini huu haukuagizwa na mzimu wala ukoo, na hauondoki kwa kuonja. Kuonja ndiko kunakouamsha, hata tone. Usimpeleke.

Na kama utausoma ujumbe huu mmeshakwenda na limetokea, hospitali moja kwa moja. Na akitulia msiondoke, ami. Seli zile zikishamwaga huita wenzao kutoka kwenye damu, na wenzao huchukua saa kadhaa kufika. Uvimbe waweza kurudi nyie mkishasema kapona. Nijibu hata neno moja.

Mwanao, Raniya

Hospitalini, 19 Julai

Raniya mwanangu,

Assalaam alaykum. Hujambo? Hind anapumua. Natanguliza hilo.

Simu niliizima nitunze chaji, nije nikupigie picha mtoto akila. Jana Bi Hija alichovya kidole kwenye mchuzi wa pweza akampaka mdomoni. Dua haijafika nusu, Hind akanishika kanzu ataka kusema, sauti haitoki. Masoud, jirani yake Bi Hija, akatukimbiza na gari yake ya samaki.

Hapa wakamdunga, akatulia kabisa, akaomba andazi. Nesi, Bi Samiha, akasema alale hapa hapa mpaka kesho. Nikamwambia, bibi, mie nimelea watoto sita, mzima namjua nikimuona. Tukafika mlangoni, nikawasha simu nikucheke. Ujumbe wako ukaingia.

Niliusoma nimesimama. Nikamrudisha kitandani.

"Vipi mzee, gari limekukimbia?" nesi akanitania.

Nikamvua Hind viatu. Alasiri kifua kikaanza tena, kibaya kuliko asubuhi, na yeye alikuwa pale pale na sindano yake.

Sasa amelala. Nimemwekea kiganja kifuani, nikikiondoa nahisi pumzi imesita, nakirudisha. Watu wanakuja kuuliza ilikuwaje, nawaambia wamuulize nesi. Ila wewe nijibu, Raniya: hayo maseli husahau? Au nitakuwa namtazama mdomo kila anapokula, mpaka aolewe, na huko nako nani atamtazama?

Baba yake Hind