Bushi Iliyoliwa na Udongo Mwekundu

Kikundi cha Ufumaji Tujikaze,
Mvumi, Chamwino,
Dodoma.

9 Septemba 2023

Mpendwa mume wangu Gerson,

Mume gani wewe? Mvua zimenyesha zikakatika, zikanyesha tena zikakatika, mkeo yuko kwenye vumbi la Mvumi na wewe uko Mwanza unakula sato. Nilikubeba mgongoni mpaka mgongo ukapinda, umeota ndevu umesahau njia. Nimeanza kuangalia wanaume wengine, ujue. Violeth anayeniandikia barua hii anacheka, lakini nimemwambia aandike nilivyosema, asinitengenezee maneno.

Mbukwa, mume wangu. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaituma: marahaba. U mzima? Kile kifua chako cha utotoni kimetulia, au upepo wa ziwa unakiamsha? Unalala? Mke mwenzangu Nyamizi anakupikia ugali wa kushiba, au mnakula vile vitu vya kwenye mifuko ya nailoni? Mwambie nikimkuta amekukondesha nitamrudisha kwao mimi mwenyewe, halafu nitalia kwa sababu nampenda.

Mimi mzima. Magoti hunisema asubuhi, jua likipanda tunapatana. Jicho la kushoto lina ukungu. Meno yaliyobaki yanatosha kwa mlenda.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu wewe ni "ndiyo Bibi, ndiyo Bibi", mitambo inanguruma nyuma yako, na kabla sijafika kwenye jambo lenyewe salio limekwisha. Karatasi haikatiki. Tena humu kwenye kifurushi nimekufungia kitu katika kitambaa. Kifungue ukishike kwanza, ndipo uendelee kusoma.

Umekishika? Hiyo ni bushi ya mashine yetu ya kufumia, ile inayokaa chini kushoto na kuishikilia shafti kubwa inapozunguka. Ilikuwa nene pande zote. Pitisha kidole ndani. Upande mmoja umebaki kama ukucha wa mtoto, na ile ni shaba, si mkate. Tangu siku ilipotolewa nimekuwa mtu wa kuuliza maswali tu, hata kanisani. Mchungaji anahubiri, mimi naangalia bawaba za mlango.

Nikueleze kwa nini jambo hili linanichoma. Shangazi yako Devota, tangu mguu ule ukatwe baada ya kukanyagwa na mkokoteni, jembe hawezi kulishika. Alikaa mlangoni mwa nyumba msimu mzima akihesabu kuku wa watu. Mashine ilipoletwa, tukamtengenezea kigoda kirefu, kwa kuwa ni ya umeme na kazi yake kubwa ni macho na mikono. Akawa anafuma shuka za wodi za hospitali, na kuna siku nilimsikia anaimba peke yake. Lakini Respicius, yule afisa wa ushirika anayesimamia mashine hizi, amekuja ameitazama, akasema ikiendelea kusimama hivi, Krismasi ikipita inapelekwa kwa kikundi cha Mlali, wao wana fundi. Hakusema kwa ubaya. Hata chai alikunywa. Ila Devota hajaimba tangu siku hiyo.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Unajua sisi kitu kipya kikiingia nyumbani tunakipaka mafuta. Mtoto, jembe, bibi harusi. Mashine nayo ilipofika, jirani yangu Dorkasi alikuja na kikopo chake cha mafuta ya mkia wa kondoo yaliyochanganywa na udongo mwekundu, tukaipaka kwenye paji, pale juu kwenye boriti, tukaimba, tukala. Mpaka hapo hakuna kosa, na atakayesema kuna kosa aje aniambie mimi.

Kosa lilikuja baadaye. Shafti ikaanza kulia, kwii, kwii, kama mlango wa zizi. Dorkasi akasema huyu mgeni ana kiu. Akachota kwenye kikopo kilekile, akashindilia pale inapolia. Ikanyamaza. Tukampigia vigelegele. Kila ikilia, anaipa. Ikazoea. Ikawa haimalizi wiki bila kudai.

Halafu nguo ikaanza kuwa na mistari, hapa imebana, hapa imelegea, kama shamba lililolimwa na mlevi. Halafu panya akaanza kuruka. Panya tunamwita kile kimtumbwi cha mbao kinachobeba uzi na kukimbia huku na huku katikati ya nyuzi. Siku moja panya aliruka nje akagonga chupa ya chai ya Athuman, ikapasuka.

Huyu Athuman ni Mrangi wa Kondoa, anatengeneza mashine za kusaga hapa sokoni. Alikuwa amekuja kunywa chai tu. Akaangalia chupa yake, akaangalia panya, akauliza, "Nani anamfundisha huyu kupigana?" Akafungua mashine. Akatoa hicho ulichoshika, na ndani yake uji mwekundu. Akanusa.

"Bibi, hiki ni nini? Mmeipikia mashine mboga?"

Dorkasi akamwambia ni mafuta, ninyi wa Kondoa mtajuaje mafuta, mnakula asali tu. Athuman akaomba kijiko. Nikampa changu cha zamani, kile cheusi. Akachovya kitambaa kwenye ule uji akakisugua, akakisugua, akanirudishia. Gerson, nilijiona sura. Nilijiona mpaka hili jino la pembeni.

Watu wakafurahi, Dorkasi akataka na vyake ving'arishwe. Mimi nikakaa chini. Maisha yangu yote nimesugua sufuria kwa majivu na mchanga. Sufuria inang'aa, na kila mwanamke anajua mwisho wake: ipo siku unaitazama juani unaona nuru upande wa pili. Kinachong'arisha kinakula. Nilikijua hicho jikoni, sikukijua kwenye mashine. Tulikuwa tunazisugua shafti na bushi kwa ule udongo kama kwa majivu, kutwa nzima, na kuishukuru mashine kwa kunyamaza.

Nikamwuliza Athuman: kama udongo ndio unakula, mbona bushi imeliwa sana kuliko shafti? Vyote ni madini, vyote vimelishwa kikopo kimoja. Akasema bushi hufanywa laini makusudi, ili ikitokea shida iliwe yenyewe shafti ipone, maana bushi ni rahisi kubadilisha. Nililala na hilo neno. Kwamba aliyetengeneza mashine alikaa akafikiri, akachagua nani ataumia. Ni kweli hivyo? Huko kwenu viwandani mnafanya hivyo kwa kila kitu? Na hiyo bushi, mtu anaijuaje kwamba imechoka kabla haijamwacha mwenzake ateseke? Niambie. Usiniandikie "ni mambo ya kitaalamu Bibi". Nitakuja Mwanza nikupige.

Lingine. Kuna kijichuma pale mbele ambacho uzi hupita juu yake. Violeth amenishika kidole nikakipapasa, kina mfereji. Uzi umekata chuma. Uzi, Gerson, huu wa pamba, ambao nakata kwa meno haya yaliyobaki. Athuman anasema ni vumbi letu, linapanda kwenye uzi na kuufanya kuwa msumeno. Mimi namwamini nusu. Maji nayo hukata jiwe na hayana vumbi. Wewe unasemaje?

Basi mashine ikawa imelala, Devota karudi mlangoni. Ndipo nikakumbuka tembe la baba yangu. Mlango ule haukuwa na bawaba. Ulikuwa na kisigino cha mti kinachozunguka kwenye shimo la mti, kinapakwa mafuta masafi yasiyo na udongo, na ulifunguliwa na kufungwa tangu baba kijana mpaka tulipomtoa kupitia mlango huohuo. Nikamwambia Athuman atuchongee bushi ya mti. Akacheka mpaka kofia ikaanguka. Kesho yake akaja na kipande cha mpingo mfukoni, anajifanya alikuwa anapita.

Tulikichemsha kwenye mafuta mpaka kikaacha kutoa mapovu. Akakitoboa, akakipachika. Mume wangu, ilifuma. Ilifuma vizuri kuliko siku ya kwanza, bila kelele, nguo imenyooka. Nikatembea siku hiyo kama mama wa askofu.

Haikufika mbali. Siku ya tatu Devota alisema mashine inanukia kama jiko la mkaa. Hakuna aliyesikia harufu ila yeye. Alisema pia mlio wake umebadilika, badala ya taka-taka inasema taka-ka, taka-ka. Athuman akafungua. Mpingo ulikuwa umeungua upande mmoja, mweusi juu ya weusi wake. Mlango wa baba ulizunguka asubuhi na jioni, ukapumzika. Hii inazunguka kutwa, na joto halina pa kwenda. Na huo upande ulioungua ni uleule, chini kushoto, ambako shaba iliisha. Hapo ndipo nimekwama. Udongo tumeacha. Mafuta ni masafi, Violeth anayachuja kwa kitambaa. Mti si shaba. Mbona ugonjwa uko palepale?

Respicius alipokuja mara ya pili alipiga magoti akaishika shafti akaizungusha polepole. Kijana wa watu ana suruali nzuri, lakini alipiga magoti. Akasema pengine shafti yenyewe nayo imeliwa, haiko duara tena, kwa hiyo kila bushi tutakayoweka itagongwa palepale. Akatuletea pia turubai la kuifunika upepo wa alasiri unapovuma, na akatufundisha kuweka utambi unaodondosha oili kidogokidogo badala ya kuishindilia. Namshukuru. Ila tarehe yake hakuibadilisha, na ukweli ni kwamba hana mamlaka ya kuibadilisha.

Athuman hana mashine ya kukereza. Mjini wenye nayo wapo, lakini wanataka vipimo, na hapa hakuna anayejua kupima kitu kisicho duara. Violeth alijaribu kwa uzi. Tukapata majibu mawili kwa shafti moja.

Ndiyo maana nimekutumia bushi wewe, unayeshinda na mitambo. Itazame upande ulioliwa, kisha uniambie ukweli: inapona au haiponi. Kama haiponi, sema, nimwandae mwanangu mapema. Nimezika watu, naweza kusikia neno gumu. Nisichoweza ni kumwangalia Devota akitega sikio kila gari linapopunguza mwendo barabarani.

Lakini ukiniuliza mimi, mwanamke nisiyejua hata kusoma jina langu, nadhani inapona. Yule aliyechagua bushi iliwe kabla ya shafti alikuwa anatuachia nafasi. Tumeichezea, sawa, ila naona haijakwisha. Bushi naweza kuituma kwa basi. Shafti imefungwa sakafuni na haitumwi. Kwa hiyo wewe ndiye utakayepanda basi.

Mengine ni ya kawaida. Zabibu za kwa Bartolomayo zimeshika vizuri mwaka huu, anatembea amebinua kifua kama kazibeba tumboni mwenyewe. Mbuzi mweupe kazaa pacha. Baridi ya asubuhi imetuacha, sasa ni vumbi.

Dorkasi anakusalimu, na anasema usimseme kwa ajili ya kikopo, ameshasemwa vya kutosha na mimi. Athuman anakusalimu, anadai chupa ya chai. Violeth anakusalimu na mkono umemchoka. Nisalimie Nyamizi, na wazazi wake walionipa yeye. Mungu akutangulie barabarani, aifunike nyumba yenu na watoto watakaokuja, akulindie vidole vyako kwenye hiyo mitambo, maana nilivihesabu ulipozaliwa na nitavihesabu tena.

Ukifika, usije kwangu kwanza. Chakula changu hakitakimbia. Shuka pale kwenye karakana yetu ya kufumia, Devota bado anashinda hapo kando ya mashine, ingia taratibu, msalimie shangazi yako shikamoo na umshike mkono. Usimtazame mguu, na usimpe pole, amepewa za kumtosha. Vuta kitu ukae chini yake, kisha mwulize mashine inaumwa wapi, na ukae kimya mpaka amalize kukueleza.

Mimi mkeo wa kwanza, nisiyekuchoka hata unaponichosha,

Bibi Anyesi