Ngozi ya Mwanambuzi

Mjukuu wangu Njeru,

Sisi tungali hapa Mbeere, mvua ndiyo imekataa. Mama yako bado hajafua nguo za dadako Wanja.

Unasema kijidudu cha homa ya uti wa mgongo kilichomuua Wanja huvaa koti la sukari inayofanana na sukari ya mwili, na chembe za ulinzi zimezoeshwa zisiiguse. Unauliza mbona mwili udanganyike kirahisi hivyo.

Nikiwa msichana, mbuzi wetu alifiwa na mtoto. Nilimchuna yule mfu, nikamvika ngozi yake mwanambuzi yatima ili anyonyeshwe. Mama mbuzi akanusa, akamlamba. Kumbe yatima alikuwa mgonjwa! Ugonjwa ukawaenea wote, tukabaki na zizi tupu.

Mbuzi yule hakukosa, Njeru. Angefunzwa kuikataa harufu ile ya mwanawe, angewakataa watoto wake wote. Wala mwili wa dadako haukukosa.

Ni mimi, Cucu