Mama, Uliyepiga Magoti kwa Sababu ya Maabara

Ni mwaka sasa, Mama, umelala, na wale waliokucheka bado wapo, wazima wa afya na midomo yao.

Ulikuwa daktari wa maabara. Kazi yako ilikuwa kuchunguza kondo la nyuma la kila mzazi aliyejifungua kwa shida. Wenzako waliliita taka. Wewe uliligeuza taratibu, miwani imekushuka puani, na ole wake aliyekusemesha.

Nyumbani ulikuwa mkali lakini hukulala kabla hujatufunika. Maombi uliyaita shughuli ya wasio na shughuli. Baba alisali peke yake.

Kisha jioni moja ulirudi, ukakaa jikoni bila kuvua koti. Ukamwambia Baba, "Mwili hukataa figo hata ya ndugu wa damu. Lakini mtoto, ambaye nusu yake imetoka kwa mtu mwingine, unampokea na kumlisha. Nimesoma jinsi inavyotokea, na kadiri ninavyoielewa ndivyo ninavyotamani kupiga magoti."

Baba alisogeza meza, mkapiga magoti pamoja.

Hapo vituko vikaanza. Wakubwa wako, watu ambao hadubini waliigusa mara ya mwisho walipopigwa picha nayo, wakanong'ona kwamba umri umekula akili yako. Wakakunyang'anya wanafunzi uliowafundisha. Waumini nao wakakupokea kwa vigelegele, kana kwamba ni wao waliokushinda. Kiongozi wao, bingwa wa kulaani vitabu asivyovifungua, akakutaka uikane sayansi ibadani, mbele ya watu.

Ulisimama. Ukasema, "Sikutoka maabara ndipo nikamwona Mungu. Nilimwona humo humo, na kesho narudi kazini."

Wakazima kipaza sauti. Ukamaliza bila hicho, kisha ukarudi kazini kweli. Wakaacha kukusalimu, kazini na ibadani.

Siku ya kukuzika, pande zote mbili zilikuja na hotuba ndefu, kila mmoja rafiki yako wa karibu. Baba, mtu wa maneno machache, alisimama kaburini akawazuia. "Alikuwa hai muda wote huo," aliwaambia, "na hamkuwa na la kumwambia. Kaeni." Wakakaa. Tukakuzika kwa utulivu uliokustahili.

Unakumbukwa na Baba, mjomba wetu, shangazi, sisi wanao, wakwe zako na wajukuu. Wale wengine hatukuwaandika, wanajijua.

Wewe, Mama, hatutakusahau kamwe.