Sikio Nene

Jumatatu, 1 Machi 1954

Leo Bwana Pelamu kaniambia amezama kazini mpaka masikioni. Nikamtazama masikio. Makavu! Mezani pake gazeti la juzi na kahawa. Barua zote za shamba naandika mie, na kila anachowafokea wakata mkonge nakitafsiri mie. Haya, tuseme kazama.

Nimeamua kuiweka misemo hii kwenye daftari. Mwaka wa sita sasa ni karani na mkalimani wake, na sijaona watu wenye mambo na sikio kama Waingereza. Mtu akitaka umsikilize, anakuomba umkopeshe masikio — harudishi. Akiwa yeye ndiye tayari kusikiliza, anasema mwili wake wote umekuwa masikio. Huo sijausikia kinywani mwa Bwana Pelamu, nimeusoma tu. Na mgeni wa kazi wanasema bado ana majimaji nyuma ya masikio, kama ndama wa leo asubuhi.

Shuleni hatukufundishwa haya. Tulifundishwa paka kakaa juu ya mkeka.

Daftari litakaa mfukoni mwa koti. Hata akiliona si neno. Bwana Pelamu anajua maneno manne ya Kiswahili, na matatu ni matusi.

Jumatano, 3 Machi

Kanifungia mlango wa ofisi. Ati niweke sikio langu ardhini.

Nikauliza ardhi ipi, Bwana, maana hapo nje pana siafu. Hakucheka. Akanieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu: nipite kambini jioni, nisikie wakata mkonge wanasema nini na nani anawachochea, kisha nije nimwambie. Aa, kumbe! Kwetu kazi hiyo ina jina fupi, na si jina la kumwitia mtu mbele ya mama yake.

Nikasema ndiyo, Bwana. Saa kumi nikapanda lori la shamba nikarudi zangu nyumbani Chumbageni. Kesho nitamwambia ardhi ilikuwa kimya.

Alhamisi, 4 Machi

Kalamu nzito leo.

Saa nne alikuja Zebedayo barazani. Mkata mkonge, Mbena wa Njombe, Mlutheri asiyekosa kanisa. Mkewe, Lea, kajifungua juzi hospitali ya misheni, Muheza. Aliomba siku moja akamwone mtoto. Nikatafsiri. Bwana Pelamu akasema aende Jumapili. Nikatafsiri. Zebedayo, kofia mkononi, akaomba tena: wawili waliotangulia walikufa kabla hajawaona, huyu yu hai, anaogopa kuchelewa. Nikatafsiri na hilo, neno kwa neno.

Bwana akasema kwa mtu huyu maneno yanaingia sikio hili na kutokea lile. Nikafungua mdomo nitafsiri. Sikuwahi. Alimpiga kofi la kiganja wazi, sikio la kushoto. Mlio kama ubao umeanguka sakafuni. Zebedayo akaketi chini taratibu, kama mtu aliyekaribishwa. Damu ikatoka, nyembamba kama uzi.

Bwana Pelamu akaingia ndani, akanawa. Akanitazama kwenye kioo, akatabasamu: “Nimempa sikio nene.”

Kampa! Hicho ndicho kitenzi. Kama mtu aliyetoa zawadi ya mtoto.

Ijumaa, 5 Machi

Dresa wa zahanati ya shamba kamtia pamba, basi. Nilimwita Zebedayo kwa upande wa kushoto mara tatu. Hakugeuka. Nikazunguka kulia, nikampa pole.

“Ahsante, karani,” akasema. “Ila kuna nzi humu ndani. Haondoki.”

Hamna nzi.

Jumapili, 7 Machi

Nyumbani. Joto la kaskazi, hata ukuta unatoka jasho. Nilimsomea mke wangu Mwatumu misemo yangu ili acheke. Alicheka kwa majimaji ya nyuma ya masikio. Kwenye sikio nene hakucheka.

“Na wewe, Baba Asmahani, ulifanya nini?”

Nikasema mimi mkalimani, nilikuwa natafsiri.

“Kofi umelitafsiri vipi?”

Nikamjibu kwamba sikio halipiti kichwa. Msemo mzuri wa wazee, una heshima zake, unamnyamazisha mtu yeyote. Mwatumu akachukua ungo wake akaenda uani. Toka kule akasema, wala hakupaza sauti: “Kweli halipiti. Lakini kichwa chenyewe kiwe kipo.”

Mwanamke huyu angekwenda shule, mimi ningekosa kazi.

Jumanne, 9 Machi

Zebedayo alinisubiri penye lori. Jumapili alikwenda Muheza. Mtoto ni wa kiume, mzima. Lea akamwambia mtoto ana sauti kubwa — yeye ameisikia nusu. Alinieleza hivyo hivyo, bila kulia, kama anayetoa habari za mvua.

Kisha akasema anataka barua. Kwa Kiingereza, iende ofisi ya Leba mjini, kwa wale wa mambo ya wafanyakazi. Hataki ugomvi. Anataka iandikwe tu kwamba alipigwa, na amepigwa na nani.

Na mie — naliandika hili ili nilisome tena nikiwa na kiburi — nikamwambia siwezi, nimezama kazini mpaka masikioni.

Kwa Kiswahili! Maneno ya Bwana Pelamu mazima mazima, kinywani mwangu, na sikuona ladha yoyote tofauti. Zebedayo akanitazama. Akaniambia nisijali, katekista wao anajua Kiingereza kidogo. Akaniaga kwa adabu. Afadhali angenitukana.

Alhamisi, 11 Machi

Kiingereza cha katekista kimefika. Leo imekuja barua: Afisa wa Leba atakuja Jumamosi kuuliza. Bwana Pelamu aliisoma amesimama. Ati afisa mwenyewe ndiyo kwanza ashuke melini, majimaji bado yako nyuma ya masikio. Nilijua tu msemo huo nao utapata matumizi.

Baadaye akaniita kando, neno moja sikioni mwangu. Lilikuwa neno refu. Ati Zebedayo alikuwa amelewa, akaanguka kwenye ngazi ya baraza. Mimi sikuona, nilikuwa kwenye makabati. Lililosemwa ofisini niligeuzie sikio la uziwi. Akasema karani mkuu anastaafu mwezi wa sita, na nyumba yake ya matofali, ya bati, itahitaji mtu. Na kama sivyo, basi nitatoka hapa kwa sikio.

Kwa sikio! Sisi wengine tukifukuzwa tunatoka kwa miguu. Ustaarabu huu.

Nikasema ndiyo, Bwana. Ulimi wangu unaijua njia hiyo hata gizani.

Njiani nimewaza bati. Msikiti wa mtaani kwetu una bati. Nyumba yangu ina makuti, na kila masika Asmahani analala na sufuria kichwani pake kukinga matone. Nayaandika haya pia. Asije mtu akadhani nilikuwa shujaa.

Ijumaa, 12 Machi

Sikumwambia Mwatumu habari za nyumba. Kanipigia pasi kanzu na koti, vyote viwili. Hakuuliza kesho kuna nini.

Jumamosi, 13 Machi

Saa nne na nusu. Wamesimamisha shauri wanywe chai. Niko ofisini, dirisha wazi, naandika upesi.

Afisa ni kijana kweli. Pua imebabuka kwa jua. Meza imewekwa barazani: yeye kati, Bwana Pelamu kulia kwake, mimi mkalimani kushoto. Zebedayo ng'ambo ya meza, peke yake kwenye benchi la wakata mkonge.

Zebedayo akaeleza yote. Kila afisa akiuliza, aligeuza shingo ili sikio la kulia lielekee kwangu. Nilitafsiri vizuri. Sikuongeza, sikupunguza. Nilianza hata kujisifu — tazama, Mselem, unaweza kufanya haki bila kupoteza kitu!

Kisha Bwana Pelamu. Ati Zebedayo alilewa, akaanguka. Nikamtafsiria Zebedayo. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Mwambie mimi sinywi,” akasema. “Aulize kambi nzima.”

Nikamwambia afisa. Akaandika. Akauliza kuna mtu mwingine aliyeshuhudia? Nikatafsiri swali.

Zebedayo hakunionyesha kidole. Alisema tu, akitazama meza: “Karani alikuwapo. Aliona, na alisikia aliyosema Bwana baadaye. Kiingereza anakijua.”

Kisha afisa kwangu: amesema nini?

Hakuna mwingine pale aliyejua lugha zote mbili. Ningeweza kusema amesema hakuna mtu. Maneno mawili matatu tu, na Zebedayo asingejua kamwe. Bwana Pelamu alikuwa anakata ncha ya sigara. Niliona mkono wake umetulia kabisa, ule ule wa kofi.

Nikasema, anasema karani alikuwapo.

“Karani yupi?”

“Mimi, Bwana.”

Kijana yule akaweka kalamu chini. Si mjinga, awe na majimaji au asiwe nayo. Alinieleza polepole, lakini si kama kwa mtoto: mtu hawezi kuwa mkalimani na shahidi katika shauri moja. Kama sina la kusema, nibaki kitini pangu, tuendelee, na jina langu halitaandikwa. Kama ninalo, nihamie benchini, naye atampigia simu mkalimani mwingine atoke mjini. Akasema nifikiri wakati wa chai. Anasikiliza, alisema. Alitumia ule msemo wa mwili wote kuwa masikio. Nimeusikia leo.

Bwana Pelamu ameniletea chai mwenyewe. Kwa mkono wake! Kikombe cha udongo mweupe, kile cha wageni, na kisahani. Ameiweka juu ya daftari la barua, akanipiga begani kidogo, akatoka bila neno. Miaka sita sijui hata kama anajua kuwa nakunywa chai. Ametia sukari nyingi.

Hapa dirishani nawaona wote. Mkalimani akihama, kesho hana kazi. Mwatumu atauliza tutakula nini, au hatauliza. Zebedayo ana mtoto wa siku kumi na mbili na sikio moja, na bado ndiye anayeonekana ametulia kuliko sisi wote.

Afisa anapanda ngazi, anafuta mdomo. Kiti changu kiko pale pale, kina mto. Zebedayo amesogea mwisho wa benchi. Kwa kiganja anapangusa vumbi la mkonge pale alipopaacha wazi, mara moja, mara mbili. Hatazami huku.

Wananiita —