Mume Wangu Alifungua Pakiti za Kadi, Lawama Akabebeshwa Mjane

Mpendwa Shangazi Opal, naomba msaada wako na tafadhali unijibu kabla ya Jumamosi, maana usingizi umenihama na chakula hakipiti, na hapa mjini kwetu, jimboni Ohio, ukimnong'oneza mtu jambo, unalikuta kanisani limekutangulia.

Mimi na mume wangu Vernon tunakusanya kadi za zamani zenye picha za wachezaji wa besiboli, tuko kundi dogo, na kila Alhamisi wenzetu wanakuja kwenye gereji yetu, tunapasha sufuria ya maharage na nyama, halafu kila mtu anafungua pakiti moja tu iliyomwangukia kwa kura kutoka boksi la kale ambalo halijawahi kufunguliwa, taratibu, mbele ya wenzake, na kitakachotoka ni chako, upate nyota wa mchezo au upate takataka, hakuna kubadilishana wala kununa. Boksi la sasa lililetwa na Imogene, mjane wa mwenzetu marehemu Clyde; Clyde ndiye aliyelitunza kabatini tangu ujana wake bila kuligusa, na mama wa watu akasema afadhali lifunguliwe na waliompenda Clyde kuliko kwenda kwa mgeni. Likawa linalala kwetu, kwa kuwa ufunguo wa gereji tunao sisi.

Sasa Shangazi, ndani ya kila pakiti mna kipande cha chingamu, na kwa kulala juu ya kadi miaka yote hiyo huiachia doa la kahawia ambalo sisi sote tunalijua. Alhamisi iliyopita Harlan, dereva mstaafu wa treni, mtu mwema lakini moto wa mabua, akafungua yake huku akitutania, mara akaacha kucheka, akaisogeza kadi kwenye mwanga.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Chingamu iko juu ya kadi safi, na kadi yenye doa imejificha katikati. Tangu lini chingamu ikaota miguu?"

"Labda imesogea tu," nikasema.

"Darlene, usinifanye mtoto. Hii imefunguliwa, ikafungwa tena." Akamgeukia Imogene. "Bibie, umetuletea nini hapa?"

"Nimeleta alichoacha Clyde," akajibu. "Sijagusa kitu, Harlan. Naapa."

"Basi kagusa nani, paka?"

Hakuna aliyemtetea, hata mimi. Vernon alikuwa anakoroga sufuria, hakugeuka. Imogene akachukua koti lake akatoka kwenye theluji bila kuaga, na Harlan akaapa kwamba Jumamosi ya wiki hii, kwenye maonyesho ya kadi pale ukumbi wa zimamoto, atasimama mbele ya watu wote amtaje kwa jina, ili asikaribishwe tena na mkusanyaji yeyote.

Jumapili asubuhi nikawa napiga pasi blauzi yangu ya kanisani, pasi ikaiachia mchirizi wa mafuta, nikaunusa, nikaizima pasi, kwa sababu ilikuwa nta, na pakiti zile hufungwa kwa nta, na nta ukiipasha moto inashika upya. Nikamwita Vernon, nikamwonyesha.

"Nilitaka kuchungulia tu," akasema.

"Kuchungulia na pasi?"

"Dee, mpenzi, kadi ya yule mdakaji maarufu nimeitafuta tangu nina miaka tisa. Nilijua yumo. Nikafungua pakiti moja moja mpaka nikampata, nikamtoa, nikaweka kadi nyingine badala yake. Nani amekufa?"

Kumbe alipozirudisha kadi alivuruga mpangilio wake, ndiyo maana doa likaishia katikati, na huyu ni mtu aliyefungua pakiti maisha yake yote! Nikamwambia akaseme ukweli, akanishika mikono akalia, kwamba yeye ndiye mwamuzi wa mechi za watoto hapa mjini, akisema umetoka, umetoka, je, mzazi gani atamkubali tena? Halafu akaleta mpango wake: aifunge ile kadi ndani ya pakiti nyingine, tumbembeleze Imogene arudi Alhamisi hii, mimi nifanye ujanja kwenye kura pakiti hiyo imwangukie, apige vigelegele, watu washangilie, Harlan apoe na yaishe. Shangazi, nakuambia ukweli wote, mpango huu nimeupenda, sitaki kumpoteza mume wangu na sitaki Imogene aumie, je, nikubali?

Mimi nisiyelala,
Darlene

OPAL ANAJIBU

Darlene, majina nimeyabadilisha, aibu nimeiacha kama ilivyo. Pole sana. Kikulacho ki nguoni mwako, na kinauma zaidi kikiwa kinakuita mpenzi. Umefanya vizuri kuandika, maana mficha uchi hazai. Sasa kaa chini nikukaripie.

Huo mpango ni wa kijinga. Unafikiri Harlan, aliyeona doa lililohama, hataiona pakiti nyingine iliyopigwa pasi? Ataiona kabla maharage hayajapoa, na safari hii kadi ya maana itakuwa mkononi mwa Imogene. Atasema, "Mnaona? Alijiwekea mwenyewe!" Mtakuwa mmemkabidhi mama huyo ushahidi wa kumnyonga, mkampigia na makofi. Na wewe, ambaye mpaka leo kosa lako ni kunyamaza, utakuwa mwizi wa pili nyumbani kwako.

Vernon naye aache machozi ya mtoto wa miaka tisa. Anaogopa wazazi hawatamwamini uwanjani? Mwamuzi aliyekosea akakiri kwa kinywa chake, watu watamzomea msimu mmoja. Aliyemwacha mjane atolewe kwa kosa lake yeye, hao wazazi wana haki ya kumkataa maisha yake yote. Mwambie hivyo, na umwambie ni mimi niliyesema.

Fanyeni hivi. Vernon achukue kadi aende mlangoni kwa Imogene, yeye mwenyewe, bila keki na bila hadithi za utotoni, aseme: "Ni mimi niliyefungua." Kisha waende kwa Harlan, Vernon arudie maneno hayohayo, na Harlan naye amwombe mama huyo radhi, kwa kuwa alihukumu kwa mdomo mpana. Boksi lirudi kwa mwenyewe, yeye ndiye ataamua. Vernon akikataa, mpikie chakula chake kama kawaida, halafu nenda wewe. Kumpenda mume si kumbebea uongo.

Na neno la mwisho, ambalo hukuniuliza. Imogene anajua kwamba yeye hakuligusa boksi lile. Hajui kwamba Vernon aliligusa, wala hawezi kuwashuku ninyi aliowakabidhi. Kwa hiyo amebaki na mtu mmoja tu wa kumshuku, naye ni Clyde. Hivi unavyosoma, yumo jikoni kwake peke yake anajiuliza kama mume aliyemzika alikuwa tapeli miaka yote ile, na marehemu hawezi kujitetea. Unaniambia habari za Jumamosi? Nenda leo.