Treni Iliyoziba Pasaje

Jumatatu, 1 Machi 1999

«Treni ya vita haikatwake juu ya tumbo ya mwanamuke mumoja.» Maneno ya Papa Noé, mwenyekiti wetu, leo mbele ya komite nzima, kidole juu, chupa ya soda mkononi. Nayaandika kama yalivyotoka, nisije kesho nikadhani niliyaota.

Haya, tuyachambue. Mwanamke mmoja? Upande wetu wa reli kuna soko na nyumba za watu. Ng'ambo kuna materinite, hospitali ya wazazi, kuna shule ya wasichana, kuna pompi ya maji. Katikati ni pasaje, pale barabara inapokata reli. Na tangu Ijumaa treni ya askari wanaokwenda mbele ya vita imesimama papo hapo, mabehewa yamefunga barabara kama ukuta. Inangoja lokomotivu. Inangoja amri. Nani ajuaye inangoja nini! Pasaje nyingine iko mbali, na mvua imekula daraja lake. Kwa hiyo kila mwenye mimba, kila msichana mwenye daftari, kila mama mwenye ndoo anapita chini ya mabehewa. «Mwanamke mmoja» wa Noé ni nusu ya mji.

Na sisi tunaitwaje? Komite ya Afya, Usalama na Masomo ya Wanawake. Ofisi ya site, wakubwa wa mji, imetupa muhuri na mwenyekiti mwanaume. Afya, usalama, masomo — yote matatu yako ng'ambo ya yale mabehewa!

Niliomba tudai kitu kimoja. Treni ikatwe pasajeni: mabehewa mawili yaachanishwe, nusu ivutwe mbele kidogo, watu wapite. Noé: tutalijadili baada ya sherehe ya wanawake ya tarehe nane. Akafungua jambo la pili — rangi ya kitenge cha defile, lile gwaride la siku hiyo.

Mama Amida alikaa kando yangu. Muuza chumvi na samaki wa Kinkondja, wa familia za Maniema, mwanamke anayeweza kumfokea hata polisi. Leo macho chini. Binti yake Safi yuko katika mwezi wake wa kujifungua. Mwaka jana mtoto alitoka amekufa. Njia ya uzazi ni nyembamba. Sista wa materinite amesema safari hii ni kupasuliwa kwa kisu tu, tena asichelewe hata kidogo. Noé akamwambia: «Si umupeleke kule mbele ya siku, angoje?» Amida akajibu bila kuinua macho: «Papa, mu nyumba ya kungojea balishaka kuweka bablese, bale banaumia ku vita. Mutoto wangu atalala mu barza ya nani? Ya kwako?»

Soda ya Noé ikashuka vibaya. Ndiyo furaha yangu pekee ya leo.


Jumanne, 2 Machi

Nimekwenda pasajeni mwenyewe; nafundisha shule ya ng'ambo, na leo ndiyo zamu yangu ya kwanza tangu Ijumaa. Nimezaliwa Kamina, nimelala maisha yangu yote na honi za treni masikioni, nilidhani naijua treni. Siijui! Nimeinama, nimeiangalia kutoka chini. Gurudumu lanifika kiunoni. Chuma juu ya chuma, grisi inadondoka polepole, na uzito ule wote umekaa tu, hausemi kitu. Nilisahau hotuba niliyokuwa nimeitayarisha.

Kisha akaja mama mmoja na beseni la mahindi. Alisukuma beseni kwanza. Akasukuma mtoto. Akakusanya kitenge katikati ya mapaja, akaingia kwa magoti, akatoka ng'ambo, akajitwika tena na kuendeleza mazungumzo pale alipoyaacha. Bei ya mafuta!

Askari wamekaa juu ya mabehewa, miguu inaning'inia. Wengine wana umri wa wanafunzi wangu. Mmoja akapiga kelele: «He, bamama! Munapigia treni magoti?» Muuza samaki mzee akamjibu akiwa bado chini: «Tunakuombeaka weye, mutoto wangu. Sisi tutarudi jioni.»

Walicheka. Halafu wakaacha kucheka.


Jumatano, 3 Machi

Aibu, tena aibu ya kuchekesha.

Mtu anayeunga na kukata mabehewa pale anaitwa Kabange. Ana kibanda kidogo cha matofali kando ya pasaje, ndani mna taa zake na bendera. Niliunda ujumbe: mimi, Amida, na Mama Mwila, mkulima anayeleta sombe, majani ya mihogo, sokoni. Huyu nilimchagua kwa sababu ya sauti yake. Njiani alianza kubaki nyuma. «Madame Dorothée, pale minyi siwezi fika.» Mimi na hoja zangu kichwani: twende, mama, twende!

Kabange akatoka. Akamwona. Akatupa bendera, akapiga mbizi chini ya behewa, akatokea ng'ambo. Mama Mwila naye amejifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta.

Ni mama wa mke wake! Na kwa Waluba mkwe hamtazami mama-mkwe usoni, hapiti karibu naye. Wakikutana njiani, mmoja lazima aingie majanini. Mimi Mluba, binti wa Mluba, nimeunda ujumbe bila kuuliza nani ni mkwe wa nani. Amida alicheka hadi akashika behewa. «Madame, mu bitabu byako byote hawakuandika asemi, ile haya ya mukwe na mama-mukwe?»

Kabange alitujibu kupitia magurudumu. «Bamama! Luteni aseme neno, minyi nakata mara moja. Bila neno ya luteni, bananipiga masasi.»

Nikaenda kwa luteni, mkubwa wa ile treni. Luteni: ni kazi ya watu wa reli. Nikaenda kwa watu wa reli: ni kazi ya luteni. Niliwaambia wote wawili ninavyowafikiria. Wote wawili walinipa kiti.


Alhamisi, 4 Machi

Asubuhi treni ilitikisika. Hatua moja tu, bila honi. Riziki, mwanafunzi wangu, alikuwa chini yake na vitabu.

Mzima. Nimemshika uso kwa mikono yote miwili, mzima! Kandambili yake imekatwa katikati, safi, kama mkate. Ameileta darasani, akaiweka juu ya meza yangu, akaenda kukaa mahali pake.

Sikufundisha kitu. Tuliitazama tu.


Ijumaa, 5 Machi

Mama Mwila amekuja nyumbani na bunda la sombe. Alikataa kiti, akakaa mkekani.

«Ile siku Kabange alikimbia. Uliona?»

Niliona, mama. Kosa langu, unisamehe.

«Hapana. Nauliza kama uliona *vile* alikimbia. Ule mutu haogopi byuma. Haogopi basoda. Minyi njo aliogopa.» Hakutabasamu. «Kesho banaleta mabehewa ya bunga ya kuunga nyuma. Basoda beko na njala. Minyi nitaikala ku mulango ya kibanda yake. Yeye iko ndani. Atatokea wapi?»

Nilibishana — mimi hubishana hata na katekista wakati wa sala. Nilimwambia kwamba nimeandika, tena mara nyingi, katika gazeti la parokia na kwingineko, kwamba mambo haya ya ukwe ni gereza. Akanisikiliza kwa adabu hadi mwisho.

«Kama iko prizo, madame, minyi njo niko na funguo.»

Nikashuka kitini, nikakaa naye mkekani. Mimi!

Halafu nikauliza: na baadaye? Mama anayemzibia mkwe njia amemvua nguo mbele ya mji. Kuna mbuzi wa kutoa kama faini. Na kuna binti yake, atakayelala kila siku na mume aliyechekwa. Mama Mwila alichambua majani ya sombe. «Mutoto wangu atanikasirikia. Atanikasirikia sana. Lakini yeye hatakufwa. Safi atakufwa.»

Yeye na Amida si ndugu, si wa kanisa moja, hawajawahi kula pamoja. Wanajuana kwa kuuziana tu. Nilimsindikiza hadi barabarani.


Jumamosi, 6 Machi

Niandike polepole, kwa mpangilio.

Mama Mwila alisubiri Kabange aingie kibandani. Akatandika kitenge mlangoni, akakaa, miguu imenyooka, mgongo kwa mlango, uso kwa treni. Ndani tukasikia kikohozi.

«Nani iko pale?»

«Mama ya bibi yako,» akasema Amida.

Kikohozi kikakatika. Askari walioko juu wakaanza kuinama ili wasikie.

Mabehewa ya unga yakafika na mashine yao, lokomotivu ndogo ya stesheni. Hakuna wa kuyaunga. Luteni akaja anakimbia. Ametoka mbali huyu, desturi zetu ni fumbo kwake. Mtu wa kuunga yuko wapi? Ndani, akajibu sajenti wake, Kapenda, Mluba wa Kabondo-Dianda. Mgonjwa? Hapana, luteni. Mlango umefungwa? Hapana, uko wazi. Sasa?

«Mama-mukwe, luteni.»

Basi mwondoe huyo mama! Kapenda akatazama viatu vyake. «Unitume mbele ya vita hata sasa, luteni. Yule, hapana.»

Luteni akamwendea mwenyewe. Akasimama mbele yake. Mama Mwila hakuinua kichwa, hakukunja miguu. Mwanamke mdogo, magoti meusi ya shamba, na mbele yake treni nzima na bunduki zake zote — na ni treni iliyoonekana ndogo! Sijui niliseme vipi. Nimesoma habari za wafalme na mapinduzi yao. Sijawahi kusoma kitu kama kile kitenge chini.

«Anataka nini?» Luteni aliniuliza mimi. Kabla sijafungua mdomo Amida akajibu: «Ukate treni.»

Luteni akatazama juu, kwa vijana wake wenye njaa. «Leo tu,» akasema.

Mama Mwila akainuka, akajifunika, akageukia ukuta. Kabange akatoka akitazama mawingu, kana kwamba huko ndiko mabehewa yalipo. Akainua kile chuma kinachoshika behewa na behewa. Mashine ikavuta. Ukuta ukafunguka!

Na hakuna aliyepita. Tulisimama tunautazama ule uwazi: barabara ile ile, matope yale yale, bati la materinite kule mwisho. Kisha muuza samaki mzee akatangulia. Wima. Beseni kichwani, polepole, kama askofu. Wote wakafuata, na hakuna aliyeinama.

Nililia. Hakuna haja ya kuficha, hakuna anayesoma hapa.

Jioni waliunga tena.


Jumapili, 7 Machi

Baada ya misa Noé amewaambia watu: komite imepata ushindi mkubwa. Komite! Luteni atakaa naye kesho kwenye tribini, jukwaa la wakubwa, mgeni wa heshima.

Nikamwuliza: umemwomba neno la kila siku, au la jana tu? Akasema siasa haina haraka.

Binti wa Mama Mwila, mke wa Kabange, amemrudishia mama yake sombe. Bunda zima, halijafunguliwa, limeachwa mlangoni.


Jumatatu, 8 Machi

Uchungu wa Safi umeanza. Tumemleta juu ya baiskeli, tunasukuma watatu, hadi pasajeni. Imefungwa! Mvua inanyesha. Fanfari ya sherehe, tarumbeta na ngoma zake, inasikika hadi hapa.

Tumemlaza chini ya turubai la muuza chumvi mmoja, kando ya mabehewa. Kumpitisha chini kwa magoti haiwezekani. Hawezi hata kugeuka. Na treni inaweza kutikisika. Kandambili ya Riziki iko kichwani mwangu muda wote.

Mama Mwila amekipakata kichwa cha Safi. Hakwenda mlangoni kwa Kabange leo. Hakuhitaji! Kabange ametoka mwenyewe. Amekuja mpaka pale, hatua chache kutoka kwa mama-mkwe wake, mbele ya watu wote. Amempa mgongo, naye amempa mgongo. Mkwe ameshika chuma, mama ameshika kichwa. Migongo miwili. Nimeandika miaka mingi juu ya desturi zetu na sikuwahi kuona hili, wala kulidhani.

«Neno tu,» anasema Kabange kwa hewa iliyo mbele yake. «Mashine iko tayari. Neno tu.»

Luteni yuko kwenye tribini. Kapenda hathubutu kutoa amri bila yeye. Anatazama barabara ya tribini kama mimi. Nimetuma watu. Jibu la Noé limerudi: baada ya defile.

Amida anamfuta binti yake uso, tena na tena.

Safi ameushika mkono wangu wa kushoto, hauachii. Ndiyo maana naandika na siendi. Mkono wa kulia ninao. Ukurasa huu nauchana sasa, wauza samaki wataupeleka na kuusoma mbele ya kipaza sauti, kwa sauti kubwa kabisa:

Papa Noé, na ninyi nyote wa komite mlioketi juu ya tribini na vitenge vipya: yupo mtu wa kukata, ipo mashine ya kuvuta, na mama-mkwe na mkwe wake wako mahali pamoja ili mwanamke mmoja apite. Luteni amekaa kando yenu. Inukeni. Mgeukieni, mbele ya watu wote, mwambieni aseme neno — la leo, na la kila treni itakayosimama hapa. Zimeni fanfari, ili Kabange alisikie.